Misimu miwili katika kituo cha kukuzia vipaji vya soka: tathmini ya mzazi

Mwanangu alijiunga na kituo hiki akiwa na umri wa miaka 12 na miezi michache, na msimu uliokwisha hivi karibuni umemkuta ametimiza miaka 14. Kituo kinajinadi kwa ahadi moja kubwa, kwamba kinawaandaa vijana kwa majaribio ya timu za taifa za chini ya miaka 15 na za chini ya miaka 17, na ahadi hiyo ndiyo iliyonivuta. Jina la kituo sitalitaja, kwani niliyoyaona humo yamo pia katika vituo vingi vya namna hiyo, na nia yangu ni kumsaidia mzazi mwenzangu ajue cha kutazama kabla hajalipa ada. Niseme pia kwamba mimi mwenyewe nilicheza beki wa kati kwa miaka mingi, kwa hiyo mazoezi ya mpira si jambo ninalolisoma vitabuni tu.

Tathmini yangu kwa jumla ni hii: kituo kinajenga mwili wa mchezaji kwa ustadi mkubwa, kinafundisha ufundi wa mguu kwa kiasi cha kuridhisha, na akili ya mchezo kinaiacha ijiotee yenyewe. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, maana kwa kijana wa umri huu lina thamani kuliko yale mawili ya kwanza.

Kuhusu mazingira sina malalamiko. Viwanja vinatunzwa, mipira inatosha kila mtoto awe na wake, na mtaalamu wa viungo huwepo kila siku ya mazoezi. Katika miezi ya mwanzo mwanangu alianza kulalamika maumivu chini ya goti, pale kano inapojishika kwenye mfupa wa muundi, na mtaalamu huyo alitambua mara moja kuwa ni maumivu yanayowapata vijana wengi wanaorefuka kwa haraka huku wakikimbia na kuruka kila siku. Alimpunguzia mazoezi ya kuruka kwa wiki kadhaa, akamwonyesha namna ya kunyoosha misuli ya paja, akaniandikia maelezo niliyoyaelewa bila kuhitaji mkalimani. Kwa huduma hiyo ningewapa alama zote.

Dalili ya kwanza ya tatizo niliiona siku ya majaribio ya kuingia. Watoto wapatao 80 walipangwa mistari, wakapimwa urefu na uzito, wakakimbia mita 30 mara mbili, wakaruka juu kutoka mahali waliposimama, kisha wakafanya lile zoezi la kukimbia kwenda na kurudi kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha mpaka mtu ashindwe. Shughuli hiyo ilichukua asubuhi nzima. Mechi zilikuja baadaye, 11 kwa 11 katika uwanja mzima, dakika 15 kila moja, na nilihesabu kwamba mwanangu, aliyepangwa winga wa kulia, aligusa mpira mara nne tu. Mtoto mmoja aliyevaa fulana ya kijani aliniteka macho. Alikuwa mdogo na mwembamba, lakini kila mpira ulipomfikia tayari alikuwa amekwisha kutazama nyuma yake, na pasi yake ilimkuta mwenzake kule alikokuwa anaelekea. Mara moja aliuacha mpira upite katikati ya miguu yake makusudi, kwa sababu alijua kuna mwenziwe huru nyuma, na uwanja mzima ukadhani amekosea. Hakuchaguliwa. Katika mbio za mita 30 alikuwa miongoni mwa wa mwisho, na orodha ilipobandikwa ukutani, majina karibu yote yalikuwa ya watoto warefu. Jina la mwanangu lilikuwemo, naye alikuwa mrefu kuliko wengi. Sijui yule wa kijani alikwenda wapi, na mpaka leo nikipita uwanjani humkumbuka.

Ratiba ya kawaida ni siku nne kwa wiki, dakika 90 kila siku. Siku ya kwanza ni ya nguvu na kasi: ngazi za kamba zilizolazwa chini, koni, mipira ya kukandamiza, kamba za mpira zinazofungwa kiunoni ili mtoto akimbie huku akivutwa nyuma. Siku ya pili ni ya ufundi, yaani kutuliza mpira, kupasi, kupiga kwa mguu ambao mtoto hajauzoea. Siku ya tatu ni maandalizi ya mechi, na ya nne ni mechi yenyewe. Katika ratiba iliyochapishwa, mafunzo ya kusoma mchezo yametengewa nusu saa ya siku ya tatu, chini ya mwalimu msaidizi, na nusu saa hiyo ndiyo huwa ya kwanza kukatwa mechi ya ligi inapokaribia, kwa hoja kwamba timu inahitaji kurudia mipira ya kona.

Nieleze zoezi moja la mwalimu huyo, kwa sababu ndilo lililonishawishi kumwacha mtoto aendelee hapo kwa msimu wa pili. Mtoto anasimama katikati ya mraba wa mita 12 kwa 12. Mwenzake anampasia mpira kutoka mbele, na mwalimu anasimama nyuma ya mpokeaji akiinua vidole. Kabla mpira haujamfikia, mtoto anatakiwa kugeuza shingo, kuviona vidole na kutaja idadi yake kwa sauti. Idadi ikiwa shufwa anageukia kushoto, ikiwa witiri anageukia kulia. Wiki ya kwanza mwanangu aligeuza shingo mpira ukiwa umeshafika, ukampita chini ya unyayo ukaenda zake. Kufikia wiki ya sita alikuwa akitazama mara mbili, mara ya kwanza mpira ukiwa bado miguuni mwa mwenzake na mara ya pili ukiwa njiani. Hapo mwalimu akaondoa vidole, akamweka mkabaji halisi nyuma yake, mara amsogelee, mara abaki mbali. Ikiwa mkabaji yuko mbali, geuka. Ikiwa yuko mgongoni, rudisha. Mwalimu hakumwamuru mtoto la kufanya. Alikuwa akisimamisha zoezi na kuuliza kwa utulivu, “Ulimwona nani?” na jibu likiwa “Sikumwona mtu, Kocha,” alirudisha mpira mwanzoni bila kelele.

Mtu anaweza kulidharau zoezi hilo kwa kuwa halitoi jasho, lakini linagusa kiini cha mchezo. Mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, aliwarekodi kwa karibu viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza wakati mpira ukiwa mbali nao, akahesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa kabla ya kupokea, na akabainisha kuwa wale wanaotazama mara nyingi zaidi ndio wanaokamilisha pasi nyingi zaidi za kwenda mbele. Mtu anayeujua uwanja kabla ya mpira kufika huonekana mwepesi hata kama miguu yake ni ya wastani, kwa sababu alishaamua wakati mwenzake bado anafikiri. Xavi Hernández, mwenye urefu wa sentimita 170, aliendesha kiungo cha Uhispania iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2010 kwa tabia hiyo hiyo ya kuzungusha shingo bila kuchoka, na mwaka huo huo wachezaji watatu walioongoza katika kura za mchezaji bora wa dunia, Messi, Iniesta na yeye, wote walikuwa wafupi na wote walikulia katika kituo cha vijana cha Barcelona, La Masia. Tabia ya namna hiyo haipandikizwi kwa mtu wa miaka 20 kwa urahisi. Udongo uwahi ungali maji.

Sasa nije kwenye ripoti ya mwezi, ambayo kituo kinaitaja kwa fahari katika matangazo yake. Kila mtoto huvaa kizibao chenye kifaa cha setilaiti wakati wa mechi, na mwisho wa mwezi mzazi hupokea kurasa tatu zenye michoro ya rangi: umbali aliokimbia, kasi yake ya juu, idadi ya mbio za ghafla, urefu wa kuruka, uzito, urefu wa mwili. Chini kabisa ya ukurasa wa tatu kuna mstari mmoja ulioandikwa “uelewa wa mchezo”. Katika miezi 17 mfululizo mstari huo wa mwanangu ulikuwa na neno moja, “wastani”. Sikuwahi kuelezwa wastani wa nini, nani aliutoa, wala mtoto afanye nini ili autoke. Vifaa hivyo ni vizuri kwa kazi yake, hasa ya kuzuia mtoto asichoshwe kupita kiasi, lakini vinapima kile kinachopimika kwa urahisi, na kituo kimeanza kuamini kwamba kisichopimika kwa kifaa hakina uzito. Kijana akikimbia kilomita nyingi, kifaa kinamsifu, hata kama nusu ya kilomita hizo alikuwa anafukuzia nafasi aliyokwisha kuiacha wazi kwa kusimama vibaya.

Katikati ya msimu wa pili kocha mkuu aliniita ofisini. Alinikaribisha vizuri, akafungua mafaili, akasema, “Mama, kasi ya kijana imeshuka. Tunafikiria kumpeleka kikosi cha pili.” Nilikuwa na ripoti zote mkononi. Muda wake wa mita 30 ulikuwa umeboreka kila robo mwaka bila kurudi nyuma hata mara moja. Kilichobadilika ni wenzake. Mwanangu alizaliwa mwezi wa Januari, na kwa kuwa mashindano ya vijana ya FIFA huhesabu umri kuanzia tarehe 1 Januari, alikuwa akipambana na watoto wanaokaribia kuwa wadogo kwake kwa mwaka mzima huku wakiitwa wa rika moja. Isitoshe, mwili wake uliwahi kukua. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa karibu na miaka 14, na wasichana karibu na miaka 12, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa, hivyo vijana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika ukomavu wa mifupa na misuli. Alipoingia kituoni alikuwa mmoja wa waliotangulia. Sasa wenzake wamemfikia, na faida aliyochaguliwa kwayo imeyeyuka.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na nauandika bila kuuficha. Kwa miezi yote aliyokuwa na mwili mkubwa kuliko wenzake, maelekezo aliyoyasikia kutoka pembeni ya uwanja yalikuwa ni kupigiwa mpira mrefu nyuma ya beki na kuukimbilia. Ilifanya kazi, timu ilishinda, naye alifunga mabao mengi na kupigiwa makofi. Hakuna aliyemfundisha la kufanya siku beki atakapokuwa na kasi sawa na yake. Utaratibu huu tunauona ukimwumiza mtoto mdogo anayeachwa nje, na ni kweli unamwumiza, lakini unamwumiza pia yule unayempendelea, kwa kuwa unamnyima sababu ya kujifunza wakati akili yake iko tayari kujifunza. Yule wa kijani alilazimika kufikiri ili asikanyagwe; wangu hakulazimika.

Jambo hili si geni duniani, na waliolishughulikia wanajulikana. Baada ya Ujerumani kutolewa katika hatua ya makundi ya Kombe la Ulaya la mwaka 2000 ikiwa na pointi moja na bao moja, shirikisho lake na klabu za ligi kuu ziliubomoa mfumo wa zamani wa vijana na kujenga mwingine, klabu zikalazimishwa kuwa na vituo vyenye walimu waliosomea kazi hiyo, na ufundi pamoja na uamuzi uwanjani vikawekwa mbele. Mwaka 2009 kikosi chao cha chini ya miaka 21 kilitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Uingereza mabao 4 kwa 0, na ndani yake walikuwemo Neuer, Hummels, Boateng, Höwedes, Khedira na Özil, ambao wote sita walikuwa mabingwa wa dunia miaka mitano baadaye. Ubelgiji nayo, iliyotolewa katika hatua hiyo hiyo mwaka 2000 ikiwa mwenyeji mwenza, iliamua watoto wake wacheze wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, ili kila mmoja auguse mpira mara nyingi na akabiliwe na maamuzi mengi kabla ya kufika uwanja mkubwa. Nikikumbuka migusano minne ya mwanangu katika dakika 15, naona wazi kwa nini.

Kuna pia fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2018. Upande wa Ufaransa alikuwepo Antoine Griezmann, ambaye vituo kadhaa vya nchini mwake vilimkataa utotoni kwa udogo wa umbo, akalazimika kwenda kukulia Uhispania katika Real Sociedad. Upande wa Kroatia nahodha alikuwa Luka Modrić, ambaye naye aliwahi kukataliwa akiwa mtoto kwa kuonekana dhaifu. Wawili walioonekana hawafai kwa miili yao walikutana katika mechi kubwa kuliko zote, na mwaka huo Modrić akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Lakini nitakuwa sisemi haki nikiishia hapo, kwa sababu katika fainali hiyo hiyo alikuwepo Kylian Mbappé, mwenye miaka 19, aliyepitia kituo cha taifa cha Clairefontaine, na hakuna anayeweza kudai kwamba kasi haikuwa na sehemu katika ubingwa wa Ufaransa. Mbio zake dhidi ya Argentina katika hatua ya 16 bora, zilizoanzia nusu ya uwanja wake na kuishia kwa penalti, hazikimbiwi na mtu wa mwili wa kawaida. Soka ya sasa inadai pumzi, nguvu na wepesi, na timu ya taifa isiyo na wakimbiaji itaadhibiwa. Ninachokataa ni mpangilio wa kituo hiki, unaotanguliza mwili katika umri ambao mwili bado haujasema neno lake la mwisho, na kuahirisha akili ya mchezo mpaka umri ambao mazoea yamekwisha kuganda. Hata FIFA yenyewe, tangu mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 ya mwaka 2009, imetumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuhakiki umri, kwa kuwa inajua jinsi mwili uliokomaa kuliko wa wenzake unavyoweza kuamua mechi katika rika hilo. Na kombe la vijana haliahidi kombe la wakubwa: Nigeria imetwaa ubingwa wa dunia wa rika hilo mara tano, rekodi ambayo hakuna taifa jingine lililoifikia, ilhali timu yake ya wakubwa haijawahi kuvuka hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Sababu ni nyingi na sizibebeshi mazoezi peke yake, lakini kocha wa vijana anayehesabu vikombe vya vijana kama kipimo cha kazi yake ameanza kuhesabu mahali pasipofaa.

Ahadi ya kituo ilijaribiwa pia kwa vitendo. Vijana wawili wa kituo waliitwa kambini mwa timu ya taifa ya chini ya miaka 15, na wote wawili walirudi baada ya wiki moja. Mmoja wao, kijana mwenye nguvu za kupigiwa mfano, alimsimulia mwanangu kwamba jioni waliwekwa mbele ya video ya mechi, ikasimamishwa pale mpira ulipokuwa unatoka mguuni, na kila mmoja akatakiwa kuandika pasi inayofuata iende wapi na kwa nini. Alisema hakuwahi kuulizwa swali kama hilo kwa miaka mitatu.

Baada ya kikao cha ofisini niliandika barua kwa uongozi, nikaomba mambo matatu. La kwanza, nusu saa ya mwalimu msaidizi iwe saa nzima, mara mbili kwa wiki, na isikatwe kwa ajili ya mechi. La pili, baadhi ya mechi za ndani zipangwe kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa peke yake, kama klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zinavyofanya katika vituo vyao kwa vipindi maalumu, ili waliowahi kukua wakutane na wanaolingana nao na kulazimika kufikiri, na waliochelewa wapate nafasi ya kuongoza mchezo. La tatu, siku ya majaribio, namba za fulana zipangwe kwa kufuata umri, mkubwa kuliko wote namba 1, anayefuata namba 2, mpaka mdogo kuliko wote, njia ambayo imejaribiwa na watafiti na kuonekana kuwasaidia maskauti, yaani wasaka vipaji, wasihadaike na tofauti ya miezi.

Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto wa miaka 8 hadi 11, ninakipendekeza kituo hiki kwa moyo mweupe, kwa kuwa katika rika hilo wanacheza kwa vikundi vidogo, walimu ni wavumilivu, na mtoto atajifunza kuutuliza mpira vizuri. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15 ningemshauri mzazi ahudhurie mazoezi ya siku ya tatu kabla ya kulipa, akae pembeni na saa mkononi, ahesabu ni dakika ngapi watoto wanaulizwa swali na ni dakika ngapi wanaamriwa kukimbia. Kama mtoto amewahi kukua na anafunga mabao kwa kasi, uangalifu huo uwe maradufu. Kwa kijana wa miaka 16 na kuendelea ambaye tayari anausoma mchezo na anahitaji kujenga mwili, sidhani atapata mahali pazuri zaidi.

Jibu la barua lilikuja baada ya wiki tatu. Saa za mwalimu msaidizi zimeongezwa, ingawa ni mara moja kwa wiki. Kupanga mechi kwa ukomavu wa mwili kumekataliwa, kwa maelezo kwamba wazazi hawataelewa. Mwanangu yuko kikosi cha pili na amehamishiwa kiungo, mahali ambapo mpira unamjia kutoka kila upande. Jumamosi iliyopita nilimhesabia akigeuza shingo kabla ya kupokea mara saba katika kipindi cha kwanza, na mara mbili kati ya hizo aligeuka na kwenda mbele. Na majaribio yajayo, wameniandikia, fulana zitakuwa na namba kwa kufuata tarehe za kuzaliwa.